Kambale wa Amerika Kusini kwenye tangi lako: akae na nani, asikae na nani

Haya wadau, leo siasa tuziweke pembeni kidogo, tuongee samaki.

Ukikatiza Kariakoo jioni ukakuta tangi la kioo limewashwa taa, lazima usimame. Mimi nilisimama, nikanunua. Nikabeba koridora wawili, wale kambale wadogo wa Amerika Kusini wenye ndevu fupi, na oska mmoja mdogo. Nikamuuliza muuzaji, "Kaka, hawa wanakaa pamoja?" Akanijibu, "Wote samaki hao, hakuna noma."

Baada ya miezi michache oska alikuwa ukubwa wa kiganja. Asubuhi moja mdogo wangu akaniamsha huku analia. Oska anaelea juu, mkia wa koridora unachungulia mdomoni mwake. Kumbe koridora akishikwa husimamisha miiba ya mapezi yake na kuikaza. Oska alishindwa kummeza, akashindwa na kumtema. Wamekufa wote kwa mpigo.

Ili yasikukute hayo, fuata haya niliyojifunza.

1. MJUE KAMBALE WAKO KWANZA

Sokoni wote ni "kambale msafisha tangi", lakini ni watu tofauti kabisa.

Koridora: hukua sentimita 5 hadi 7 hivi. Mpole, anapenda kundi, kwa hiyo nunua 6 au zaidi. Anataka mchanga laini chini, kokoto zenye ncha zinamharibia ndevu.

Pleko wa kawaida: yule mwenye mdomo wa kunyonya kioo. Unamnunua urefu wa kidole, anakuja kufika sentimita 30 hadi 50. Tangi la sebuleni halimtoshi.

Pleko mwenye ndevu puani: huishia sentimita 12 hadi 15. Ukitaka mla ukungu wa kijani, chukua huyu. Mpe pia tango na kipande cha mti, ukungu peke yake haumshibishi.

Kambale mkia mwekundu: mzuri sana akiwa mdogo, lakini huzidi mita 1 na hula chochote kinachoingia mdomoni. Huyu muache tu.

2. ANGALIA MAJI YAKO

Samaki wengi wa Amazon wanatoka kwenye maji laini yasiyo na chumvi. Sasa visima vingi vya Dar maji yake yana chumvi. Onja: ukisikia chumvi ulimini, usimwekee koridora. Maji ya bomba yana klorini, yaache wazi kwenye ndoo siku nzima kabla ya kuyatumia.

Joto la kwetu halihitaji hita. Tatizo ni kwamba wapo samaki wanaopenda baridi. Koridora wa paleatus, mwenye madoa ya kijivu, anateseka hapa Dar. Yule wa sterbai, mwenye mapezi ya rangi ya chungwa, anavumilia joto vizuri zaidi.

3. WANAOFAA KUKAA NAYE

Kanuni yangu: kambale yuko chini, mtafutie majirani wa katikati na juu, wapole, ambao mdomo wao hauwezi kummeza na wa kwake hauwezi kuwameza.

Kadinali tetra, yule mwekundu na buluu, anapatana na koridora na joto letu. Neon tetra anafanana naye lakini anapenda ubaridi zaidi. Gapi naye ni mpole, na anavumilia maji magumu.

Tangi la lita 110 (sentimita 80 kwa 35 kwa 40) linatosha koridora 6, pleko mwenye ndevu 1 na tetra 10. Kumbuka maji hayo ni kilo 110, bado kioo na mchanga. Meza ya kuazima haitafaa.

4. WASIOFAA

Oska: nimeshawaambia.

Samaki wa dhahabu: anapenda baridi na anachafua maji haraka. Tena pleko humganda ubavuni na kumnyonya ute wa ngozi.

Samaki wa Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyasa: ni fahari yetu, lakini ni wagomvi, na maji yao ni magumu. Tanganyika pH inakaribia 9. Hao watafutie kambale wa hukohuko, jamii ya gogogo. Yupo mmoja Tanganyika mwenye madoadoa ambaye huchomeka mayai yake kati ya mayai ya samaki wanaolelea mdomoni, wanawe wakatotolewa mapema na kuwala wenye nyumba!

Kambale wa mtoni: wale madogo wanaowavua bondeni. Anaweza kuzidi mita 1, na usiku anawamaliza wenzake.

5. USIKIMBILIE

Tangi jipya linahitaji wiki 4 hadi 6 ili bakteria wanaovunja sumu ya kinyesi wakae sawa kwenye chujio. Anza na samaki wachache, badilisha robo ya maji kila wiki. Umeme ukikatika mashine ya hewa inazima. Koridora anaweza kupanda juu kumeza hewa, tetra hawezi. Kwa hiyo usijaze tangi kama daladala.

6. AKIKUSHINDA, USIMTUPE MSIMBAZI

Hili ndilo lililonifanya niandike. Pleko akikua, watu wanasema "namrudisha mtoni". Mto upi? Kwao si Msimbazi. Kule Mexico, kwenye bwawa la Infiernillo, pleko waliotoka kwenye biashara ya matangi walizaliana mpaka wavuvi wa tilapia wakawa wanavuta nyavu zimejaa wao. Halafu pleko huchimba mashimo kwenye kingo ili atage. Sisi tulioona Jangwani Desemba 2011 tunajua kingo za mto huu hazihitaji mchimbaji mwingine.

Mrudishe kwa muuzaji, au mpe mwenye tangi kubwa. Na dawa kubwa ni kuuliza kabla ya kulipa: "Huyu akikua anafika wapi?" Akikujibu "wote samaki hao", wewe aga tu uondoke.

Wadau mnaofuga, ongezeeni. Nawasilisha.