Friji yako haigandishi? Mambo ya kuangalia kabla ya kuita fundi

Kwa familia nyingi za wakimbizi mjini Kampala, friji si kitu cha starehe. Wengine wanaiita jokofu, Wakongo husema frigo, lakini kazi ni ileile: kugandisha maji na juisi za kuuza, kutunza samaki wa kesho, na katika nyumba yenye mgonjwa wa kisukari, kutunza insulini. Ikisimama, hasara inaanza siku hiyohiyo, na fundi anaweza kudai nauli kabla hajafungua hata skrubu moja. Lakini matatizo mengi ya friji hayako ndani ya mashine. Yako kwenye umeme, kwenye mlango, kwenye vumbi na mahali ilipowekwa. Hayo unaweza kuyaangalia mwenyewe.

Umeme kwanza

Kama friji imekufa kabisa na taa ya ndani haiwaki, angalia kama uniti za Yaka zimebaki, kisha chomeka chaji ya simu kwenye soketi ileile. Chaji ikifanya kazi, fungua plagi ya friji na utazame fyuzi. Fyuzi mpya ni ya bei ndogo sana ukilinganisha na malipo ya fundi.

Tatizo linalosumbua zaidi katika mitaa yenye watu wengi ni umeme dhaifu. Uganda hutumia volti 240, lakini mahali ambapo nyumba nyingi zimeungwa kwenye waya mmoja, jioni nguvu hushuka. Dalili yake ni hii: unasikia "tik" nyuma ya friji, kimya cha dakika chache, kisha "tik" tena, na mashine haiendelei. Kompresa inajaribu kuwaka na kushindwa. Sikiliza tena usiku wa manane majirani wakiwa wamelala. Ikiwaka vizuri saa hizo, friji yako ni nzima na tatizo ni umeme. Kama "tik" inaendelea mchana na usiku, huenda rilei imeungua. Hicho ni kifaa kidogo kilicho ubavuni mwa kompresa, na bei yake ni ndogo. Mwambie fundi apime rilei kabla hajakubali kwamba kompresa imekufa, kwa sababu kompresa ndiyo ghali kuliko vyote.

Umeme ukikatika, chomoa friji. Ukirudi, subiri dakika tano ndipo uchomeke. Umeme unaorudi mara nyingi huja kwa kuruka, na kompresa inayolazimishwa kuwaka kabla gesi ya ndani haijatulia huchoka haraka. Madukani kuna vifaa vya kulinda friji ambavyo hukata umeme mbaya na kuhesabu dakika hizo vyenyewe. Kwa mtu anayefanya biashara ya vitu vya baridi, hicho ndicho kifaa cha kwanza kununua. Umeme ukiwa dhaifu kila siku kwa mtaa mzima, ripoti UEDCL, ambayo inasambaza umeme tangu 1 Aprili 2025 baada ya mkataba wa Umeme kuisha. Uwe na namba ya mita mkononi. Usiwaite makamyufu wakuungie waya mwingine: ni kosa kisheria, na nyaya zao zimeua watu.

Ukigusa friji na kuhisi umeme, zima swichi ya ukutani na usiitumie tena mpaka fundi wa umeme aangalie waya wa ardhini. Usiwaache watoto waikaribie.

Inawaka lakini haipozi

Hapa ndipo watu wengi hupoteza pesa. Mashine inanguruma mchana kutwa, chakula ni vuguvugu, na fundi anasema "gesi imeisha". Kabla ya kukubali, angalia mambo yafuatayo.

Je, friji inapumua? Joto linalotolewa kwenye chakula hutokea nyuma au ubavuni. Katika chumba kimoja cha mizigo, friji mara nyingi inabanwa kati ya kitanda na ukuta, juu yake pana masanduku, na jiko la makaa liko hatua mbili tu. Isogeze iwe mbali na ukuta kwa upana wa kiganja na mbali na jiko. Chomoa plagi, kisha fagia vumbi kwenye vyuma vyeusi vya nyuma kwa brashi laini. Kama friji yako haina vyuma hivyo na ubavu wake unapata joto, usiogope. Ndivyo ilivyotengenezwa.

Mlango unafunga? Weka karatasi kati ya mlango na friji, funga, kisha vuta. Ikitoka bila kukwama, hewa ya joto inaingia hapo. Osha mpira wa mlango kwa maji ya moto na sabuni, uunyooshe kwa vidole wakati bado una joto, kisha jaribu tena.

Umeweka nini ndani? Friji ya nyumbani haiwezi kugandisha katoni tatu za maji ya joto kwa mchana mmoja. Ziingize kidogokidogo, anza usiku. Sufuria ya moto ipoe kwanza, lakini chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili.

Kama sehemu ya juu inagandisha na ya chini ina joto, huenda barafu imeziba njia ya hewa. Toa kila kitu, chomoa, acha milango wazi kwa siku nzima na utandike nguo chini. Ikipona kisha tatizo likarudi baada ya siku chache, kifaa cha kuyeyusha barafu au feni imeharibika, na hiyo ni kazi ya fundi. Maji yakijaa chini ya droo za mboga, tundu dogo la kutolea maji limeziba. Lizibue kwa mrija wa soda na maji ya vuguvugu.

Barafu ya friza usiigongee kwa kisu. Nyuma ya barafu hiyo kuna mirija myembamba ya gesi, na tundu moja tu linatosha kuiua friji. Weka bakuli la maji ya moto ndani, funga mlango, ngoja.

Likiwa kweli suala la gesi

Gesi ya friji haiishi kama petroli. Inazunguka ndani ya mirija iliyofungwa, na ikipungua maana yake inavuja. Dalili yake ni barafu inayotokea kona moja tu huku kompresa haipumziki. Fundi anayejaza gesi bila kutafuta inapovuja atarudi baada ya wiki chache, nawe utalipa tena. Mwambie aonyeshe tundu, alizibe, abadilishe chujio, avute hewa yote kwa pampu, ndipo ajaze. Aina ya gesi imeandikwa kwenye kibandiko cha kompresa au cha nyuma. Ikiwa ni R600a, hiyo inashika moto: wakati wa kazi jiko liwe limezimwa na dirisha wazi. Patana bei mbele ya shahidi, omba risiti yenye muda wa dhamana, na chukua kifaa cha zamani kilichotolewa.

Chakula na dawa wakati wa kusubiri

Friji iliyofungwa hutunza baridi kwa takriban saa nne. Friza iliyojaa hufika saa 48, ya nusu saa 24, mradi usifungue kila mara. Nyama na maziwa vilivyopita hapo usivionje ili kujua kama vimeharibika.

Insulini ambayo haijafunguliwa hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8. Friji ikifa, usiitupe na usiache sindano. Mwaka 2021 Médecins Sans Frontières na Chuo Kikuu cha Geneva walichapisha utafiti uliofuata joto la kambi ya Dagahaley, Dadaab, Kenya: insulini iliyokaa kati ya nyuzi 25 na 37 kwa wiki nne ilibaki na nguvu yake. Iweke kwenye mfuko usiopitisha maji ndani ya chungu cha udongo kilicholowa, kivulini, na mwambie mhudumu wa kliniki yako tarehe uliyoitoa kwenye baridi. Iliyoganda barafu ndiyo ya kutupa.

Ukinunua iliyotumika

Iache iwake dukani angalau saa moja, uone kama barafu inasambaa sawasawa. Soma kibandiko: herufi T ina maana inastahimili joto la hadi nyuzi 43, ST nyuzi 38, N nyuzi 32 tu, na chumba cha mabati mchana hupita hapo. Yenye gesi ya R12 iache, kwa sababu gesi hiyo ilikomeshwa duniani mwaka 2010. Na kama mita ni moja kwa wapangaji wote, zungumza na mwenye nyumba kabla hujaileta, mwandikiane utachangia kiasi gani cha Yaka kila mwezi. Mkishindwa kuelewana, mwenyekiti wa LC1 anaweza kuwasikiliza.