Simu Moja ya Wote: Kumbukumbu za 1972 Carama

Insha hii inaeleza jinsi tulivyotumia simu katika maonyesho madogo ya picha hapa Carama. Mfano wetu ulikuwa Ushahidi ya Kenya: mwaka 2008, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, wananchi walituma taarifa za ghasia kwa ujumbe mfupi, nazo zikawekwa kwenye ramani. Sisi tuliwaomba wageni watume kumbukumbu za mauaji ya 1972. Hakuna aliyetuma. Mzee mmoja akaniambia, “Mwanangu, laini hii imesajiliwa kwa jina langu.” Ndipo tukaweka mezani simu moja ya wote, ya kurekodi sauti bila jina. Kufikia jioni ilikuwa na sauti 11. Nimejifunza kwamba shahidi wa historia hulindwa kwanza, ndipo husikilizwa.