Wimbo wa Huzuni Uliofika Songea

Kila aliyesoma shuleni kwetu ameimba "Mungu Ibariki Afrika" mstarini mara zisizohesabika, aghalabu mawazo yakiwa kwenye uji. Yafaa basi, wazee na vijana, tujiulize wimbo huu ulizaliwa katika hali gani.

Mtunzi wake, Enoch Sontonga, alikuwa mwalimu wa shule ya misheni ya Kimethodisti karibu na Johannesburg. Aliutunga mwaka 1897, wakati machimbo ya dhahabu yakimeza vijana wa Kiafrika na ardhi yao ikitwaliwa. Wanaosimulia habari zake husema nyimbo zake nyingi zilikuwa za majonzi. Alifariki mwaka 1905, kabla wimbo haujaimbwa mwaka 1912 katika mkutano ulioanzisha chama kilichokuja kuitwa ANC, na kabla Tanganyika haijaufanya wimbo wa Taifa mwaka 1961, kwa maneno ya Kiswahili.

Mwaka huohuo wa 1905 Vita vya Maji Maji vilianza. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga hapa Songea viongozi na wapiganaji zaidi ya 60. Ikafuata njaa, kwa kuwa mashamba na maghala yalikuwa yamechomwa. Wangoni nao asili yao ni kusini. Mababu zao walivuka Zambezi mwaka 1835, na lugha waliyotoka nayo ni ndugu wa Kixhosa alichotungia Sontonga. Kwa hiyo wimbo ulipofika Songea ulifika kwa jamaa, ukawakuta wafiwa.

Sasa tuyatazame maneno yake. Hamna lalamiko, wala adui hatajwi. Ni maombi matupu. Wako wanaoona hapo unyonge. Mimi naona kinyume chake. Aliyekata tamaa haombi, hunyamaza. Anayeomba bado anaamini kuwa kesho ipo. Tena wimbo unawaombea viongozi. Katika mji ambao viongozi wake walitiwa kitanzi, ombi hilo si pambo la sherehe. Wazee wetu walijua watu waliopokonywa viongozi huishi vipi.

Ninyi mlioko madarasani, Makumbusho ya Maji Maji yako papo hapo mjini. Nendeni mkasome majina ya walionyongwa, kisha mrudi mstarini muimbe. Naamini hamtauimba tena kwa haraka ya kuwahi uji.