Chini kabisa ya bahari ni mita ngapi? Sababu gani vitabu havipatane

Mutoto akifungua vitabu viwili vya jeografia anaweza kukuta hesabu mbili juu ya shimo moja: mita 11,034 mu kimoja, mita 10,916 mu kingine. Mwalimu ataamini kipi?

Shimo lenyewe, Challenger Deep, liko mu bahari ya Pasifiki, upande wa kisiwa cha Guam. Pale mwamba mkubwa unaobeba Pasifiki unaingia chini ya mwamba mwingine. Ziwa letu Tanganyika lilizaliwa kinyume: udongo ulipasuka ukaachana, maji yakafika mita 1,470. Weka Tanganyika saba moja juu ya nyingine, bado haujafikisha.

Mwaka 1875 mabaharia wa Challenger, meli ya Uingereza, walipima na kamba yenye kufungwa vitu vizito. Walipata mita 8,184. Lakini mu maji marefu hivi mkondo unavuta kamba pembeni, na kamba yenyewe ni nzito, hata kusikia kama mzigo umegusa chini ni kazi.

Mwaka 1951 meli nyingine yenye jina lile lile ilitumia sauti. Unatuma mlio, unahesabu sekunde mpaka urudi. Pale ni karibu sekunde 14 na nusu. Ikapata karibu mita 10,900. Shida ni kwamba mwendo wa sauti majini, karibu mita 1,500 kwa sekunde, unabadilika na joto, chumvi na uzito wa maji. Kosea mwendo huo asilimia moja tu, umekosea mita zaidi ya mia. Ile 11,034 ilitangazwa na Vityaz, meli ya Wasovieti, mwaka 1957. Vipimo vya nyuma havikuifikia.

Tarehe 23 Januari 1960 Jacques Piccard na Don Walsh walishuka wenyewe ndani ya Trieste, karibu saa tano nzima. Njiani kioo kimoja cha inje kilipasuka, nao wakaendelea tu! Kipimo chao kilisoma mita 11,521, kisha kikasahihishwa: 10,916. Ndiyo ile ya kitabu cha pili.

Hesabu iliyotolewa mwaka 2021, kutokana na vyombo vya kupima uzito wa maji vilivyofikishwa chini kabisa, ni mita 10,935, inaweza kuzidi ama kupunguka mita 6. Mwalimu aandike hiyo.