Uakisi: Namna poligoni inavyoweza kujifunika yenyewe

Miongoni mwa maswali yanayowakosesha alama watahiniwa wengi wa hisabati ni lile linalowataka wataje mstari ambao, umbo likiakisiwa juu yake, litajifunika lenyewe. Wengi hukisia kwa macho. Hata hivyo, viwianishi, yaani nambari mbili zinazoonyesha mahali pa kila nukta, hutoa jibu lisilo na shaka.

Kuakisi ni kuligeuza umbo kana kwamba mstari fulani ni kioo. Kila nukta huvuka mstari huo na kutua upande wa pili, umbali ule ule. Kanuni tatu hutumika mara kwa mara:

- Kwenye mhimili wa x, nukta (x, y) huwa (x, -y).
- Kwenye mhimili wa y, huwa (-x, y).
- Kwenye mstari y = x, huwa (y, x).

Kwa maumbo ya kawaida kama mstatili na msambamba, inatosha kukagua ncha. Kila ncha ikitua juu ya ncha ya umbo lile lile, umbo limejifunika. Ncha moja tu ikikosa pa kutua, mstari huo haufai.

Tuchukue mstatili wenye ncha A(3, 2), B(-3, 2), C(-3, -2) na D(3, -2). Tukiuakisi kwenye mhimili wa x, A huenda kwa D na B huenda kwa C. Kwenye mhimili wa y, A huenda kwa B na D huenda kwa C. Mihimili yote miwili inafaa. Lakini kwenye mstari y = x, A hutua (2, 3), mahali pasipo na ncha yoyote.

Hapa ndipo penye mtego. Wanafunzi wengi hudhani kuwa mstari unaotoka ncha hadi ncha ya mkabala, kwa mfano A hadi C, pia ni kioo cha mstatili kwa sababu huugawa katika sehemu mbili zilizo sawa. Kunja ukurasa wa daftari kutoka pembe hadi pembe nawe utaona kwamba pembe mbili zilizosalia hazikutani. Ni mraba pekee, miongoni mwa mistatili, unaokubali vioo hivyo. Ndiyo maana mraba una vioo vinne ilhali mstatili mwingine una viwili tu.

Mstatili ukihamishwa, vioo huhama nao. Wenye ncha (1, 1), (7, 1), (7, 5) na (1, 5) hujifunika kwenye mistari x = 4 na y = 3, ambayo hukutana katikati yake.

Msambamba wa kawaida, usio na pembe mraba wala pande zote sawa, hauna kioo hata kimoja. Tazama P(4, 2), Q(-2, 2), R(-4, -2) na S(2, -2). Kwenye mhimili wa x, P hutua (4, -2), nje ya umbo. Lakini tukiendelea kuuakisi kwenye mhimili wa y, P hufika (-4, -2), ambayo ni R, na Q hufika kwa S. Uakisi wa mara mbili umeuzungusha msambamba nusu duara, nao umejifunika.

Je, pembetatu ambayo pande zake zote hazilingani? Hata hiyo hurejea mahali pake ikiakisiwa kwa mfuatano ufaao: mstari y = x, mhimili wa x, mstari y = x tena, kisha mhimili wa y. Nukta (4, 1) huwa (1, 4), kisha (1, -4), kisha (-4, 1), na mwishowe (4, 1). Mfuatano huu huirejesha nukta yoyote ilipotoka, hivyo unafaa kwa poligoni yoyote ile.

Basi mtahiniwa asiharakishe kujibu kabla ya kuandika viwianishi vya kila ncha, hatua kwa hatua.