Kaburi la Nyali

Ndugu msikilizaji, juma lililopita nilipokea barua ya mama mmoja wa hapa mjini. Ameomba nisimtaje jina. Alifiwa na mtoto wake wa miaka minne kwa malaria, na kabla hata matanga hayajaanuliwa, mhubiri mmoja alimwambia mbele ya waombolezaji kwamba mtoto yule angepona kama mama yake angekuwa na imani ya kutosha. Mama anauliza: je, ni kweli?

Mimi si padri wala mchungaji, na sitajaribu kumjibu kwa mahubiri. Nitamjibu kwa historia, na wala sitakwenda mbali. Nitavuka maji tu, kutoka kisiwa cha Mombasa hadi ng'ambo ya Nyali, ambako kuna kaburi la mwanamke mmoja Mzungu aitwaye Rosine Krapf.

Mumewe, Johann Ludwig Krapf, alizaliwa Ujerumani mwaka 1810, karibu na mji wa Tübingen. Alitumwa Afrika na chama cha kimisheni cha Kianglikana cha London, akaanzia kazi Ethiopia mwaka 1837. Mwaka 1842 alikwenda Misri kumuoa Rosine. Walipojaribu kurudi katika kituo chao cha zamani, njia ilikuwa imefungwa, wakazunguka huku na huko bila pa kukaa. Katika misukosuko hiyo Rosine akajifungua nyikani, nao wakamzika mtoto wao wa kwanza, binti aliyeishi muda mfupi tu. Jina walilompa lilikuwa Eneba, yaani chozi. Angalia basi, msikilizaji, kwamba watu hawa walimwita mtoto wao Chozi. Hawakujifanya hawalii.

Ethiopia ikishindikana, Krapf akageukia huku kwetu. Mwezi Januari 1844 walifika Unguja, na Sayyid Said akampa barua ya kumtambulisha kwa maliwali wake wa pwani. Mwezi Mei wakahamia Mombasa. Juni Krapf alikuwa ameshaanza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na Sheikh Ali bin Muhyiddin, kadhi wa Mombasa. (Hili nalo wengi hawalijui: kwamba mmoja wa watu wa kwanza kuishika mkono Biblia ya Kiswahili alikuwa kadhi wa Kiislamu.) Ikaonekana sasa mambo yamenyooka.

Julai homa ikaingia nyumbani. Rosine alikuwa amejifungua binti wa pili siku chache tu. Krapf mwenyewe alikuwa amelala hoi, akiungua kwa homa hiyohiyo, hana nguvu za kumuuguza mkewe. Tarehe 13 Julai 1844 Rosine akafariki. Haikupita siku nyingi, mtoto naye akamfuata. Walizikwa bara, ng'ambo ya kisiwa, na leo watu wanapita jirani na mahali hapo wakienda zao kazini na sokoni.

Hebu sasa tumchukue yule mhubiri wa barua yetu tumsimamishe kando ya kaburi hilo. Atasema nini? Kwamba Rosine hakuwa na imani? Mwanamke aliyekwisha kumzika mtoto nyikani, kisha akakubali kupanda jahazi kuja pwani asiyoijua? Kwamba Krapf hakuomba? Ukweli ni kwamba wakati ule hakuna mtu duniani aliyejua malaria inaletwa na nini. Ilikuwa hadi 1897 ndipo daktari Ronald Ross, akiwa India, alipovipata vimelea vya ugonjwa huo ndani ya tumbo la mbu. Waumini na wasioamini waliumwa na mbu walewale.

Krapf aliwaandikia wakuu wake London baada ya msiba. Hakuwaomba wamrudishe nyumbani. Aliwaambia kwamba kaburi lile la upweke katika pwani ya Afrika ni alama kuwa kazi imeanza, na kwamba wajiandae kuleta watu wengine. Maneno mazito hayo. Nakiri kwamba mara ya kwanza nilipoyasoma yaliniudhi. Niliona kama mtu anayegeuza maiti ya mkewe kuwa bendera. Lakini kadiri ninavyomfuatilia maisha yake ndivyo ninavyoona kwamba hakuwa anajigamba. Alikuwa mfiwa anayetafuta mahali pa kuuweka msiba wake ili kesho yake aweze kuamka. Na kweli aliamka. Alirudi kwenye karatasi zake za Kiswahili.

Mwaka 1846 alipata mwenzake, Johannes Rebmann, Mjerumani naye. Mwezi Agosti wakapanda kwenda Rabai kufungua kituo, wote wawili wakiwa dhaifu kwa homa. Watoto wetu shuleni wanamkumbuka Rebmann kwa sababu tarehe 11 Mei 1848 aliuona mlima Kilimanjaro na theluji yake, na mabingwa wa ramani wa London wakamcheka wakisema theluji haiwezi kuwako chini ya jua la ikweta. Mimi ninamkumbuka kwa jambo jingine. Krapf, afya ikiwa imemshinda, aliondoka pwani mwaka 1853. Rebmann alibaki. Mwaka 1857 uvamizi wa Wamaasai ulimfanya akimbilie Unguja; alirudi. Mwaka 1866 mkewe Emma alikufa huko Rabai, hakuondoka. Waumini aliowapata katika miaka yote hiyo walikuwa wachache mno, kiasi kwamba mhasibu yeyote angemshauri afunge duka. Macho yakaanza kufifia. Alipoondoka mwaka 1875, baada ya miaka 29 bila likizo hata moja ya kurudi Ulaya, alikuwa kipofu.

Wapo wanaosema watu hawa walikuwa wakaidi tu, na kwamba hawakuja kwa hisani pekee, kwani nyuma ya wamisionari walifuata wakoloni. Hoja hiyo ina uzito wake na siku moja tutaizungumza. Krapf pia aliandika mambo makali juu ya dini na mila za watu wa pwani ambayo leo hayasomeki bila kukunja uso. Tena Rosine na Emma tunawajua kwa sababu waume zao walikuwa na wino na karatasi. Mama wa Kirabai aliyemzika mwanawe kwa homa ileile mwaka uleule hakuandikwa na mtu.

Lakini swali la mama yetu ni la imani, na juu ya imani watu hawa ni mashahidi wanaofaa kusikilizwa. Walimtumaini Mungu, wakafiwa. Wakaendelea kumtumaini, wakaugua. Hakuna mahali popote katika maisha yao ambapo tumaini liliuzuia msiba usibishe hodi. Wala Rebmann hakuhesabu upofu wake kuwa hati ya mashtaka kutoka mbinguni. Waliokuja na hesabu za namna hiyo ni wale rafiki watatu wa Ayubu, na mama akiisoma Biblia yake hadi mwisho wa kitabu hicho, ataona Mungu alivyowakemea.

Rebmann aliporudi Ujerumani alikaa Kornthal, kijiji alichokuwa akiishi Krapf. Wazee hao wawili walikutana tena, mmoja akiwa hamwoni mwenzake. Rebmann alifariki Oktoba 1876. Krapf akaendelea na kamusi yake ya Kiswahili, ile aliyoianza akiwa kijana mfiwa wa Mombasa, hadi tarehe 26 Novemba 1881, alipokutwa amekufa, magoti yamepigwa kando ya kitanda chake. Kamusi ilitoka London mwaka uliofuata.