Nyegezi na Malimbe: Historia ya Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino

Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino Tanzania, ambacho watu wa Mwanza wanakiita SAUT tu, kipo Malimbe katika eneo la Nyegezi, kiasi cha kilometa 10 kusini mwa katikati ya jiji, kati ya barabara ya Shinyanga na maji ya Ghuba ya Mwanza. Kimekuwa chuo kikuu tangu mwaka 1998. Kabla ya hapo kilikuwa kituo kidogo cha mafunzo ya jamii, kilichoanzishwa mwaka 1960 na Askofu Joseph Blomjous, Mholanzi wa shirika la Wamisionari wa Afrika, maarufu kama Mapadri Weupe. Shirika hilo halikuwa geni upande huo wa ziwa: lilifungua misheni Kamoga, Bukumbi, mwaka 1883, miaka tisa kabla Wajerumani hawajajenga boma lao Mwanza. Kwa muda mrefu kazi ya misheni ilikuwa dini, shule za watoto, zahanati na seminari. Alichokitaka Blomjous ni kingine.

Ili kukielewa, ni lazima kuitazama Kanda ya Ziwa ilivyokuwa miaka ya 1950. Pamba ilikuwa imeshika uchumi wa Usukuma, na wakulima walikuwa wamechoka kupunjwa kwenye mizani za wanunuzi. Wakajiunga katika vyama vya msingi, na mwaka 1955 vyama hivyo vikaungana kuwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, VFCU, chini ya uongozi wa Paul Bomani. Serikali ya kikoloni ilikuwa imekipiga marufuku chama cha kupigania uhuru, TANU, katika Jimbo la Ziwa tangu 1954 hadi 1958, kwa hiyo ushirika ulikuwa mahali ambapo mkulima alijifunza kuongoza mkutano, kusoma hesabu na kumwajibisha kiongozi. Shirikisho likakua likawa miongoni mwa makubwa kabisa Afrika, lakini waliojua kufunga mahesabu, kuandika taarifa au kuendesha ofisi walikuwa wachache mno. Uhuru ulikuwa unabisha hodi, na Tanganyika haikuwa na chuo kikuu hata kimoja. Kile cha Dar es Salaam kilifunguliwa 1961, nacho kilianza na sheria peke yake.

Kituo cha Nyegezi kilizaliwa kutokana na uhaba huo. Hakikuwa seminari wala shule ya sekondari. Kiliwapokea watu wazima, wengi wao tayari wako kazini, kikawafundisha uongozi, uhasibu, kazi za ustawi wa jamii na uandishi wa habari. Baadaye kikaitwa Taasisi ya Mafunzo ya Jamii Nyegezi, na kwa Kiingereza kikajulikana kwa herufi NSTI. Blomjous mwenyewe aliondoka katika uaskofu wa Mwanza mwaka 1965, na mwaka uliofuata nafasi yake ikachukuliwa na Renatus Butibubage, lakini kituo kilikuwa kimeshapata mizizi.

Uandishi wa habari ndio uliolipeleka jina la Nyegezi mbali zaidi. Mafunzo hayo yalianza katika miaka ya 1960, wakati magazeti mengi nchini yakiwategemea watu waliojifunza kazi mezani kwa mhariri. Chuo cha serikali cha uandishi wa habari kilikuja Dar es Salaam mwaka 1975. Hivyo kwa miaka kadhaa kijana aliyetaka kuisomea kazi hiyo bila kuvuka mpaka alipanda treni ya reli ya kati hadi Mwanza, ambako reli ilifika tangu 1928, au meli kutoka Bukoba.

Azimio la Arusha la 1967 na Sheria ya Elimu ya 1969 vilibadilisha ramani ya elimu. Shule nyingi za misheni zikawa za serikali. NSTI ilibaki mikononi mwa Kanisa, ikiendelea kutoa vyeti na stashahada katika miongo ambayo vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa (1976) na kurudishwa (1982). Huo ni uvumilivu unaostahili sifa kuliko unavyopewa. Bila miaka hiyo ya kimya, pasingekuwa na majengo, walimu wala jina la kujengea chuo kikuu.

Mlango wa vyuo vikuu visivyo vya serikali ulifunguliwa na marekebisho ya sheria ya elimu ya mwaka 1995, yaliyounda pia baraza la kuvithibitisha. Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania liliamua kuipandisha NSTI badala ya kuanza upya kwingine, na mwaka 1998 chuo kikapewa jina la Agustino, askofu wa Hippo katika Algeria ya leo. Kaulimbiu yake, inayozungumzia kuujenga mji wa Mungu, imetokana na kitabu mashuhuri cha mtakatifu huyo. Masomo ya mwanzo yalikuwa yaleyale ya Nyegezi yaliyokuzwa: biashara na mawasiliano ya umma. Sheria, ualimu, sosholojia, uchumi na uhandisi vilifuata.

Uhaba uliofuata ulikuwa wa madaktari. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000, vyuo vya udaktari nchini vilikuwa Dar es Salaam na Moshi. Kanda ya Ziwa, yenye mamilioni ya watu, haikuwa na hata kimoja, ingawa juu ya kilima cha Bugando jijini Mwanza ilisimama hospitali kubwa ya rufaa iliyofunguliwa 1971. Hospitali hiyo ilijengwa na Kanisa, ikachukuliwa na serikali, kisha ikarudi chini ya Kanisa kwa makubaliano ya mwaka 1985. Mwaka 2003 SAUT ilianzisha hapo chuo kishiriki cha afya, kikaanza na wanafunzi 10 wa udaktari. Mwaka 2011 kikajitegemea kama Chuo Kikuu Katoliki cha Afya na Sayansi Shirikishi, CUHAS. Vyuo vishiriki vingine vilisambaa Moshi, Iringa, Mtwara, Tabora na Morogoro. Vile vya Moshi na Iringa navyo vimekuwa vyuo vikuu kamili.

Wimbi kubwa kuliko yote lililetwa na shule za kata. Kuanzia 2006 kila kata ilihimizwa kujenga sekondari yake, madarasa yakasimama kwa kasi kuliko walimu walivyopatikana. Wakati huohuo Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanza kazi 2005, ilikuwa inawakopesha hata wanaosoma vyuo visivyo vya serikali. Watoto wa wakulima wa pamba na wavuvi wa dagaa wakaweza kusoma shahada ya ualimu Malimbe, na idadi ya wanafunzi ikapaa.

Mabweni hayakutosha, na hapo ndipo maisha ya chuo yalipotoka nje ya uzio. Malimbe, iliyokuwa kijiji cha mashamba na uvuvi kati ya mawe makubwa ya itale, ikajaa nyumba za kupangisha. Mwanafunzi hukodi chumba, yaani geto, mara nyingi wawili wawili kugawana kodi, akanunua godoro, jiko la gesi na ndoo. Sweya na Nyegezi Kona za jirani nazo zimepokea wapangaji. Mama ntilie hupika ugali, maharage, dagaa na sato. Vijana wa bodaboda wanajua ratiba ya vipindi, na maduka ya kutoa kopi hubaki wazi usiku majira ya mitihani. Fedha ya mkopo, yaani bumu, huongoza kalenda nzima: ikichelewa, deni la chakula hupanda kwenye daftari la muuza duka, na huyo muuza duka ndiye aliyewavusha wengi hadi shahada.

Lugha ya hofu ni ileile ya vyuo vyote nchini: sapu ni mtihani wa marudio, kudisko ni kuondolewa chuoni. Serikali ya wanafunzi, SAUTSO, hupata viongozi wake kwa kampeni zenye mabango, midahalo na nyimbo. Chuo ni cha Kikatoliki, lakini hupokea wanafunzi wa dini zote.

Wanafunzi wa mawasiliano ya umma hujifunzia kazi katika Radio SAUT, inayosikika Mwanza kwa masafa ya FM 96.1. Hapo husoma taarifa, huhariri na kuendesha vipindi vinavyosikilizwa na wauza samaki na madereva wa daladala wa njia ya Mkuyuni, Butimba na Nyegezi. Wa ualimu hutawanyika kila mwaka kwenda sekondari kwa mazoezi ya kufundisha, wa sheria mahakamani, wa uhasibu katika halmashauri, benki na vyama vya ushirika vya pamba, vilevile ambavyo mahitaji yake yalimfanya Blomjous afungue kituo.